Nani Anamsikiliza Kuli? Kumsoma Adam Shafi Ukiwa Saza

Vitabu vingi vya kujiendeleza vinavyouzwa kwenye stendi zetu vinampa mfanyakazi ushauri uleule: mtazame bosi machoni, sema kwa ufupi, tabasamu. Eti ukifanya hivyo utasikilizwa. Kwangu mimi, kitabu kinacholijua jambo hili vizuri zaidi ni riwaya, tena ya 1979: Kuli ya Adam Shafi.

Wengi mnaijua. Rashidi, mtoto wa kuli, naye anakuwa kuli bandarini Unguja. Faraji anamfungua macho, na mambo yanafika kwenye mgomo. Shafi aliijenga hadithi juu ya mgomo wa kweli wa makuli wa Zanzibar wa 1948. Mwaka mmoja kabla, makuli wa Dar es Salaam nao walikuwa wamegoma. Na huku kwetu, kwenye machimbo ya Lupa, mgodi wa New Saza ulikuwa unachimba dhahabu miaka hiyohiyo (ulianza 1939, ukafungwa 1956). Bahari iko mbali na Songwe, lakini kibarua ni kilekile.

Makuli wa Shafi hawakosi maneno. Wanajua uzito wa mzigo, wanajua ujira hautoshi. Tatizo ni kwamba wanayemwambia hana haja ya kusikia. Kesho getini kuna wengine wanaosubiri kazi. Hapo tabasamu litasaidia nini? Faraji analielewa hilo, ndo maana maneno yake hayaanzii kwa bosi. Yanaanzia kwa Rashidi, mtu mmoja, kwa habari ya shida anazozijua mwilini mwake. Yakishakuwa maneno ya wengi, kazi inasimama. Na winchi iliyonyamaza bosi huisikia haraka kuliko barua.

Leo Saza ina wachimbaji wadogo. Hebu fikiria kijana aliye chini kwenye duara, anaona matimba yamelegea, anapaza sauti. Mwenye duara juu anahesabu viroba vya mawe. Akiwa peke yake, kijana ataambiwa ni mwoga, ampishe mwenzake. Wakigoma kushuka wote sita, fundi wa matimba ataitwa siku hiyohiyo. Maneno ni yaleyale, lakini safari ya kwanza yangeweza kumzika mtu.

Ila riwaya inajikwaa hapohapo kwenye nguvu yake. Kuna mahali Faraji anaacha kuzungumza na kuanza kufundisha. Sentensi zinanyooka mno, kama za mkutano wa chama, na Rashidi anabaki kuitikia. Sawa, ilikuwa enzi ya Ujamaa, na mwandishi alitarajiwa kuonyesha waziwazi yuko upande gani. Lakini mtu mwenye njaa hubisha. Huuliza: tukigoma, watoto wanakula nini? Swali hilo lilistahili kurasa nyingi zaidi, tena kutoka kwa kuli mkaidi anayemchosha Faraji mpaka usiku wa manane. Mtu wa namna hiyo akishawishika, nami msomaji nashawishika naye.

Shafi anapoishika kazi yenyewe, mizigo, jua, vumbi, migongo iliyoinama, hahitaji hotuba yoyote. Kurasa hizo nimezirudia mara nyingi. Kama hujaisoma bado, zile za darasa la Faraji zipite kwa haraka, ukakae na makuli wakiwa melini.