Sauti ya Imamu Katika Misikiti ya Kale Inayokarabatiwa

 

Misikiti ya kale ya pwani yetu inapokarabatiwa, hesabu hupigwa ya chokaa, boriti, milango na rangi. Sauti haimo katika hesabu hiyo. Fundi huulizwa msikiti utaonekanaje, wala haulizwi maamuma wa safu ya mwisho atasikia nini. Hilo ndilo tunalolikosoa hapa, na tunaanza na fiqhi kabla ya ujenzi.

Katika madh-hebu ya Imam Shafi (r.a.), ambayo wengi wetu tunaifuata, nguzo za khutba ya Ijumaa ni sharti zisikiwe na watu arubaini ambao kwao Ijumaa hutimia. Maamuma naye hana budi ajue miondoko ya imamu wake, ama kwa kumwona, ama kwa kumsikia, ama kwa mwenye kufikisha sauti, kama alivyofanya Abu Bakr (r.a.) alipowasikilizisha watu takbira ya Mtume (s.a.w.) katika maradhi yake ya mwisho. Basi mwenye kulibadilisha jengo la wakfu hata watu wasisikie, ameigusa ibada yenyewe.

Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko ambazo haziwezi kuvuka nafasi pana. Ndiyo maana misikiti yao ina nguzo nyingi na vyumba vyembamba. Imamu huelekea Kibla akiwapa mgongo watu, na uwazi wa mihrabu huirudisha sauti yake kwenye safu. Chini palitandikwa mikeka na majamvi. Leo msikiti huo huo hupakwa rangi ya mafuta inayong'aa, kuta na sakafu zikavikwa vigae, na madirisha yakafungwa vioo. Vitu hivi huirudisha sauti karibu yote. Hata hivyo tusiisifu chokaa kupita kiasi, kwani peke yake hunyonya sauti kidogo tu. Kazi kubwa ilifanywa na mikeka, dari za miti, madirisha yaliyo wazi na miili ya wenye kuswali.

Wako wanaoupenda mwangwi kwa kuwa unampamba msomaji. Lakini msomi wa tajwidi ajiulize: irabu iliyotangulia inapokuwa bado inavuma ukutani, sikio litatofautishaje swad na sin? Hapo huletwa vipaza sauti, vikaongeza nguvu pasi na kuongeza uwazi, kwani kuta zile zile huurudisha uvumi mkubwa zaidi. Tena sauti hewani huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 34 kutoka kwa imamu husikia kipaza sauti kilicho jirani yake kwanza, kisha sauti ya imamu mwenyewe ikafuata nyuma. Vipaza vidogo, vya sauti ya chini na karibu na safu, vingetosha.

Wenzetu wa Istanbul walilitazama jambo hili. Katika kuba la msikiti wa Süleymaniye, uliokamilika mwaka 1557, Sinan alificha vyombo vitupu vya udongo kwa ajili ya sauti, na kati ya 2000 na 2003 wataalamu walizipima sauti za misikiti yake ili zihifadhiwe kama yanavyohifadhiwa mawe.

Kwetu, msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria (1107), na juu yake wageni wamelikuta paa la mabati. Huku nyanda za juu, kuanzia Makambako hadi Njombe, na hapa Kidugala palipojulikana zaidi kwa misheni ya Kilutheri, tunayajua mabati. Mvua ya masika ikishuka wakati wa khutba na paa halina dari, khatibu huonekana midomo tu.

Je, Ijumaa hiyo imesihi? Ibn Hajar al-Haytami alishikilia kusikia kwa vitendo, na Shamsuddin ar-Ramli akaona kwamba yatosha kusikia kwa uwezo, yaani kelele za kupita hazidhuru ikiwa wangesikia lau si kelele hizo. Mwenye kunyeshewa anaweza kuishika kauli ya ar-Ramli. Lakini kelele iliyojengwa ukutani kwa fedha za waumini, ikawapo kila Ijumaa, hatuoni namna ya kuiita ya kupita. Msimamizi wa wakfu, kabla hajampa fundi kazi, na amsimamishe mtu mihrabuni asome, yeye akae safu ya mwisho. Na vigae vikishabandikwa arudie, na kama herufi zimepotea atandike mazulia na kutundika vitambaa vizito kabla ya Ijumaa ya kwanza.