Barua Ambayo Bado Haijatumwa

Maji yakimwagika hayazoleki, na barua pepe ikishaondoka ndiyo basi. Kwa hiyo ukitaka kupima ufundi wa programu ya barua, acha kuangalia inavyotuma. Angalia inavyoitunza barua ambayo bado iko mkononi mwako.

Chukua Emacs, kihariri cha maandishi ambacho Richard Stallman aliwafungulia watu wote mwaka 1985. Humo kila kitu huandikwa katika bafa, yaani ukurasa unaoishi kwenye kumbukumbu ya kompyuta kabla haujawa faili. Barua nayo ni bafa. Lars Magne Ingebrigtsen wa Norway, aliyetunga message-mode, sehemu ya kuandikia barua, hakutengeneza fomu ya visanduku. Anwani, mada na maneno yako vyote vimo katika ukurasa mmoja, na kati yake umepita mstari mmoja tu unaosema kwamba barua inaanzia chini yake. Unaweza kutafuta neno ndani ya anwani kama unavyolitafuta ndani ya aya. Ukifuta jina la mtu kwa bahati mbaya, unalirudisha kwa njia ileile unayorudishia sentensi.

Uzuri zaidi uko katika maisha ya ukurasa huo. Ukiwa bado unaandika, jina lake linataja kwamba haujatumwa na unakwenda kwa nani, hata ukiwa na barua tatu wazi huzichanganyi. Kila baada ya vibonyezo 300, au ukinyamaza kwa sekunde 30 hivi, nakala huwekwa kando bila wewe kuombwa lolote. Umeme ukikatika, kinachopotea ni kidogo. Kutuma kunataka ushike Ctrl na kubonyeza C mara mbili: ni kwepesi kwa anayekusudia, ila kidole kilichoteleza hakifiki huko.

Mafundi wenzake Ingebrigtsen wameuona ustadi huo. Mu4e, programu nyingine ya barua inayofanya kazi ndani ya Emacs, ilipofika toleo la 1.12 mwaka 2024, sehemu yake ya kuandikia ilijengwa upya na kusogezwa karibu zaidi na message-mode. Kuvunja ulichojenga mwenyewe ili ufuate kilichokwisha kuthibitika si jambo dogo kwa fundi yeyote.

Lakini mimi navutiwa zaidi na kinachotokea baada ya kutuma, pale ambapo wengi wangeona kazi imekwisha. Ukurasa haufutwi. Unabadilishwa jina, sasa unasema umetumwa, kisha unasogezwa nyuma ya nyingine. Ukiurudia na kubonyeza kutuma tena, unaulizwa kwanza: hii imekwisha kwenda, irudiwe? Kurasa kumi za namna hiyo huwekwa. Ukizidi mmoja, ule mkongwe kuliko zote huondolewa. Na hata hapo kuna sharti. Kama uliurudia ule mkongwe ukaugusa, ukaongeza japo herufi moja, haufutwi.

Aliyeandika sharti hilo alimfikiria mtu mmoja tu: yule aliyekwisha kutuma, akakumbuka neno, akarudi kuliandika, kisha akaitwa mezani. Akirejea, atalikuta palepale alipoliacha, wala hatajua kwamba kuna aliyelilinda.