Usiku wa Pili Si Marudio

Muhula uliopita, katika somo la fasihi simulizi, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake mkononi. Tulikuwa tumewasikilizisha muziki wa bendi ya roki ya Marekani iitwayo Grateful Dead, tunayoipenda tangu ujana wetu, tukawaeleza kwamba mashabiki wake walikuwa na desturi ya kwenda kuitazama leo, kesho na keshokutwa. Akauliza: mtu aliyekwisha kulipa kiingilio jana, akasimama ukumbini hadi usiku wa manane, leo analipa tena ili aone nini? Darasa lilicheka. Sisi tulijibu kwa kubabaisha, kengele ikatuokoa. Katika ukurasa huu tunajaribu kulijibu vizuri zaidi, maana tumegundua kwamba swali lile lilikuwa linatuhusu sisi walimu kuliko lilivyowahusu Wamarekani.

Kwanza tumfahamishe msomaji bendi yenyewe. Ilianza California mwaka 1965 na ikafikia kikomo mwaka 1995, alipofariki Jerry Garcia, mpiga gitaa na mwimbaji wake mkuu. Katika miaka hiyo 30 ilifanya maonyesho zaidi ya 2,000. Haikuwa na mazoea ya kurudia orodha ileile ya nyimbo kila jioni. Wimbo uliopigwa jana huenda leo usisikike kabisa, na ukisikika utaingilia mlango mwingine. Kwa hiyo wapo mashabiki waliofuatana nayo mji hadi mji, kama watoto wanavyoifuata ngoma ya harusi.

Mfano tunaoutaka hapa ni wa siku nne mfululizo, tarehe 27 Februari hadi 2 Machi 1969, katika ukumbi wa Fillmore West mjini San Francisco. Bendi ilirekodi maonyesho yote manne. Mwaka huohuo ikatoa santuri mbili katika jalada moja, Live/Dead, ambayo hadi leo huhesabiwa miongoni mwa rekodi bora za muziki wa jukwaani. Upande wa kwanza una wimbo mmoja tu, Dark Star. Mwaka mmoja kabla ya hapo wimbo huo ulikuwa umetolewa katika santuri ndogo, na haukufika hata dakika tatu. Jukwaani ulichukua dakika 23. Maneno ni yaleyale machache, na dakika kadhaa hupita kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Nafasi iliyobaki ni ya magitaa, besi, kinanda na ngoma, kila mmoja akimsikiliza mwenzake na kumjibu. Wanafunzi wawili walituuliza kama wapigaji walikuwa wamelewa. Hatukutaka kuwatetea sana.

Sasa tuingie katika uhakiki wetu. Live/Dead imepangwa ili msikilizaji ajihisi ameketi ukumbini jioni moja, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa kuagana. Jioni hiyo haikuwapo. Dark Star na St. Stephen ni za tarehe 27 Februari. The Eleven, inayofuata bila kituo, ilipigwa mwezi mmoja kabla, tarehe 26 Januari, katika ukumbi mwingine wa mji huohuo, Avalon Ballroom. Death Don't Have No Mercy ni ya tarehe 2 Machi. Mafundi wameshona vipande hivyo kwa ustadi mkubwa, na kwa miaka mingi tulisikiliza bila kuuona mshono. Hatusemi ni dhambi. Ni santuri nzuri mno. Lakini tangu tulipojua, tunaisikiliza kama tunavyosoma ngano katika kitabu cha shule: imenyooshwa, imepigwa pasi, na jasho la mtambaji limefuliwa.

Mwaka 2005 maonyesho yote manne yalitolewa kwa ukamilifu katika diski kumi, nakala 10,000 tu. Rafiki yetu mmoja aliyesoma ng'ambo anayo nakala, akatuazima. Dark Star imo kila usiku. Tulizisikiliza zote nne jioni nne mfululizo, kwa makusudi, bila kuruka. Usiku wa kwanza tulikuwa tunautambua kwa sababu ndio uliotumiwa katika santuri. Wa pili ulitukera, kwa kuwa masikio yetu yalikuwa yanadai ule wa kwanza. Kila gitaa lilipokwenda kushoto tulitaka liende kulia. Usiku wa tatu tuliacha kudai. Kufikia wa nne tulikuwa tumepoteza kabisa habari ya upi ni sahihi, tukaanza kusikia kitu ambacho diski moja peke yake haiwezi kukuonyesha, yaani yale wanayoyashika kila usiku na yale wanayoyaachilia. Yanayoshikwa ni machache ajabu.

Hilo ndilo jibu letu kwa mwanafunzi yule. Anayerudi kesho hakuifuata jana. Anakwenda kujua ni nini katika wimbo ni mfupa na ni nini ni nyama, na jambo hilo halijulikani kwa kuhudhuria mara moja.

Wanaosoma somo letu watasema hili si geni. Ni kweli. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliitazama fasihi hiyo kama tukio linalofungamanisha fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Miaka 29 kabla yake Albert Lord alikwishaandika, kutokana na waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, kwamba kila utendaji ni asili na si nakala ya asili fulani iliyofichwa mahali. Tunayafundisha hayo kila mwaka. Wanafunzi wanayaandika katika mitihani na tunawapa alama.

Ila tazama tunavyotenda. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja kutoka Busoga alimrekodi bibi yake akitamba ngano ya sungura na chui, jioni mbili zinazofuatana. Jioni ya kwanza wajukuu wadogo walikuwapo, na sungura akaponea chupuchupu. Jioni ya pili watoto walikuwa wamelala, wamebaki watu wazima na jirani mmoja aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Sungura akaliwa, tena kwa kosa lake mwenyewe. Mwanafunzi alizitafsiri zote mbili kwa Kiswahili na kuziwasilisha pamoja. Sisi, wenye shahada ya uzamili na Mulokozi kwapani, tukaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Chagua moja. Ipi ndiyo sahihi?" Tukampunguzia alama sita kati ya ishirini. Amekwisha kuhitimu, na alama zile ziko palepale katika kumbukumbu za chuo.

Mwenzetu mmoja idarani, tulipomweleza haya, alituonya tusivuke mpaka. Alisema mtihani unahitaji matini moja, na kwamba si kila tofauti ina maana. Mtambaji anaweza kuwa amechoka au amesahau tu. Tunamkubalia nusu. Grateful Dead nao walikuwa na jioni mbovu nyingi, na hata katika zile diski kumi kuna mahali muziki unazunguka palepale kama gari lililonasa tope. Mashabiki walilijua hilo. Walirekodi maonyesho kwa vyombo vyao wenyewe, bendi ikaridhia, na kuanzia mwaka 1984 ikawatengea sehemu maalumu ukumbini. Walibadilishana kanda bila kuuziana, mbovu na nzuri pamoja, kisha wakabishana kwa miaka. Hatujui darasa lolote la fasihi simulizi katika ukanda wetu lenye hazina ya namna hiyo, yenye fanani mmoja, fani moja, na jioni nyingi zilizopangwa kwa tarehe. Tulicho nacho kwa wingi ni ngano moja moja, kila moja ikiwa yatima.

Muhula huu tumebadilisha zoezi. Kila mwanafunzi anatakiwa kurekodi ngano moja kwa mtambaji mmoja jioni mbili mfululizo, aeleze waliokuwapo, na asichague. Kazi za kwanza zimeanza kutufikia. Mmoja ameandika kwamba jioni ya pili babu alikasirika kuombwa ileile: "Kwani jana ulikuwa umelala?" Akanyamaza kidogo, akavuta kigoda karibu na moto, akaanza ngano ileile kutoka katikati.