Pongezi kwa Waunga Viraka

Mafundi cherehani wa pwani, wa Chumbageni jijini Tanga wakiwamo, wanastahili pongezi kwa ustadi wa kuunga viraka, yaani masalio ya vitenge, ambavyo mwanagenzi hujifunza kuvishona kwanza kuwa mikanda mirefu, kisha kuikata upya mshazari na kuiunga tena ili rangi zipishane. Na ugumu wote umo katika upana wa mshono, yaani kitambaa kinachoachwa nje ya uzi, kwa kuwa ukitofautiana hata kidogo pembe hazikutani. Ufundi huu si mgeni hata kidogo: inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso sita zilizoshikana, wakazikata tatu tatu na kuziunga ubavu kwa ubavu, na vazi hilo ndilo lililozaa kanga.