Ghorofa ya 11 Ilipitaje?

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka lote. Watu 36 walikufa. Katika maelezo yaliyotolewa baadaye ikafahamika kwamba kibali cha ujenzi kilikuwa cha ghorofa 10. Tangu hapo yameulizwa mengi kuhusu zege, nondo, mkandarasi na rushwa, na ilikuwa haki yaulizwe. Mimi nabaki na swali dogo ambalo naamini ndilo mlango wa hayo mengine yote: ghorofa ya 11 ilipitaje?

Ghorofa haichomozi usiku mmoja. Mafundi wanapanga mirunda, wanapigilia mbao, wanasuka nondo, ndipo zege linamwagwa. Mirunda huachwa chini ya sakafu hiyo siku kadhaa, mara nyingi wiki mbili au zaidi, kwa sababu zege changa haliwezi kujibeba. Nguvu ambayo mhandisi huihesabu katika michoro yake ni ile ya zege lililotimiza siku 28. Hata mkandarasi mwenye haraka kuliko wote hawezi kupandisha ghorofa sita za ziada bila kutumia miezi, na katika miezi hiyo jengo linaonekana na kila apitaye barabarani. Indira Gandhi si kichochoro cha pembezoni. Ni mtaa wa maduka na ofisi, si mbali na Mnazi Mmoja. Kwa hiyo hatuwezi kusema kosa lilifichika. Lilikuwa wazi, likaongezeka urefu kila mwezi, na mfumo mzima wa usimamizi ukashindwa kulihesabu.

Kwenye karatasi mfumo huo si dhaifu. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inakataza mtu kuendeleza ardhi ya mjini bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwa kawaida ndiyo halmashauri. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo na kuzisimamia. Mwombaji wa kibali anapeleka hati ya kiwanja, michoro ya msanifu na michoro ya mhandisi. Faili linazunguka: mipango miji wanaangalia matumizi ya ardhi na umbali kutoka mpakani, afya wanaangalia vyoo, hewa na maji taka, wahandisi wanaangalia uimara, zimamoto wanaangalia njia za kutokea. Zaidi ya halmashauri kuna bodi tatu za kitaalamu, ya wahandisi, ya makandarasi, na ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, kila moja ikiwa na mamlaka ya kumfuta mwanachama wake kwenye daftari. Ukiyatazama haya yote utadhani haiwezekani hata tofali moja kuongezwa kinyume.

Tatizo linaanza siku kibali kinapotoka. Mpaka hapo faili ndilo lililokuwa likikaguliwa. Kuanzia hapo linalotakiwa kukaguliwa ni jengo, na jengo halipiti mezani kwa mtu. Utaratibu ni kwamba mjenzi aiarifu halmashauri anapofikia hatua fulani, kama msingi, nguzo na sakafu, ili mkaguzi aje kabla kazi haijafunikwa. Maana yake ni kwamba anayetakiwa kukaguliwa ndiye anayemwita mkaguzi. Mjenzi mwaminifu ataita. Mwenye nia ya kuzidisha ghorofa hana sababu ya kuita, na akimwaga zege usiku, mwisho wa juma au siku ya sikukuu, atafanya kazi saa ambazo ofisi imefungwa. Lile jengo la Indira Gandhi lilikuwa na watu kazini siku ya Ijumaa Kuu.

Upande wa pili wako maofisa wachache na mji usiolala. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na karibu kila mtaa una jengo linalopanda. Idara ya ujenzi ya halmashauri yenye wakaguzi wachache na gari moja linalogombaniwa na idara nyingine haiwezi kuzunguka kila eneo kila wiki. Inachofanya ni kufuata malalamiko. Jirani akilalamika, mkaguzi anakuja. Jirani akinyamaza, au akinyamazishwa, jengo linaendelea.

Tuchukulie sasa kwamba mkaguzi amefika na amekuta kosa. Chombo chake cha kwanza ni ilani: karatasi yenye jina la mmiliki, kosa, kifungu cha sheria na siku alizopewa. Pamoja na ilani, ukutani huandikwa kwa rangi nyekundu SIMAMISHA UJENZI, au X, au BOMOA. Wakazi wa miji yetu wanaijua X kuliko wanavyoijua sheria yenyewe. Ila X haina nguvu yake peke yake. Ni tangazo kwamba kuna shauri. Nguvu iko katika ilani iliyomfikia mtu anayestahili, ikapokelewa na kusainiwa, ikahifadhiwa kwenye faili. Kesi nyingi za halmashauri hukwama hapo hapo: ilani imeachiwa mlinzi, jina la mmiliki limekosewa, tarehe haipo, au aliyesaini hakuwa na mamlaka. Wakili wa mjenzi hahitaji kuthibitisha kwamba ghorofa ni halali. Anaonyesha kasoro ya ilani, anapata zuio la mahakama, na zege linaendelea kukomaa huku shauri likiahirishwa.

Sisemi zuio ni baya. Ni kinga ya raia dhidi ya ofisa mwonevu, na bila hiyo kila mwenye ndoo ya rangi nyekundu angekuwa mfalme wa mtaa. Nasema halmashauri inayojua kwamba itapingwa inapaswa kuandaa ushahidi wake kama mwendesha mashtaka anavyouandaa, tangu siku ya kwanza ya ukaguzi: picha yenye tarehe, vipimo, nakala ya kibali, saini ya aliyepokea ilani.

Ipo na njia fupi zaidi, ile ambayo sheria ndogo zetu huiita kufifilisha kosa. Mkosaji anakiri kwa maandishi, anajaza fomu, analipa faini, na kesi haiendi mahakamani. Kwa mtu aliyemwaga taka mtaroni ni utaratibu mzuri, unaokoa muda wa wote. Kwa jengo la biashara hesabu inageuka. Faini za sheria ndogo zilipangwa kwa makosa madogo, wakati ghorofa moja ya ziada katikati ya mji ni fremu na vyumba vinavyolipiwa kodi kwa miaka mingi, na Kariakoo mpangaji hutoa kilemba cha mamilioni kabla hata hajafungua mlango. Mwenye jengo akiweka faini upande mmoja na kilemba upande mwingine, faini inakuwa gharama mojawapo ya ujenzi, kama saruji.

Na hakuna anayeweza kusema kwamba dola yetu haina nguvu ya kubomoa. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi, Jangwani na kwingineko, zilipigwa X na kuangushwa. Mwaka 2017 mamia ya familia kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya waliona nyumba zao zikivunjwa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, ambayo ilipimwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Tingatinga lilipatikana, mafuta yalipatikana, askari walipatikana. Wengi wa waliobomolewa walikuwa wamejenga nyumba zao kwa miaka, chumba baada ya chumba, mbele ya macho ya watendaji waliowauzia fomu na kugonga mihuri, na wengine walikuwa na umeme na maji ya mashirika ya umma. Nguvu hiyo yote ilikuja mwisho, wakati madhara ya kuitumia ni makubwa kuliko yote. Kama ofisa angekuwa amesimama pale siku msingi unachimbwa, mwenye nyumba angepoteza mchanga na kokoto. Alipofika baada ya miaka 20, mwenye nyumba alipoteza maisha yake yote ya akiba.

Tusisahau pia mizizi ya kanuni hizi. Mwaka 1914 utawala wa Wajerumani uliigawa Dar es Salaam katika kanda kwa kanuni za ujenzi: kanda yenye masharti ya nyumba za Kizungu, kanda ya kati, na kanda ya wenyeji, na Waingereza wakaendelea na mgawanyo huo. Kariakoo ilipimwa kama mji wa Waafrika, viwanja vya nyumba za chini za vyumba sita. Kanuni ya ujenzi ikazoeleka kama kitu cha kuwatenga watu, na mtu aliyetengwa hana sababu ya kuiheshimu. Leo maghorofa yamesimama juu ya viwanja vile vile vidogo, ukuta kwa ukuta, na kanuni sasa inahitajika kwa jambo tofauti kabisa: kuzuia jengo la jirani lisimwangukie mtu.

Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo la ghorofa Kariakoo, eneo la mitaa ya Mchikichi na Kongo, na watu 31 wakapoteza maisha. Hapa kosa lilikuwa la aina nyingine. Jengo lilikuwa limekwisha, lina wapangaji, lina wateja. Taarifa zilizotolewa zilielekeza kwenye kazi iliyokuwa ikifanyika sehemu ya chini ya jengo, kuongeza nafasi ya biashara. Mfumo wetu wa vibali unaangalia jengo linapozaliwa. Jengo likishahamiwa, hakuna anayeliangalia tena mpaka mtu alalamike, wakati kuchimba kando ya nguzo au kutoboa ukuta unaobeba mzigo kunahitaji hesabu za mhandisi kama ilivyohitajika siku ya kwanza.

Waziri Mkuu aliunda timu ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo. Mwaka 2006, baada ya jengo kuanguka Dar es Salaam, Waziri Mkuu wa wakati huo naye aliunda tume. Naheshimu kazi ya wataalamu hao. Ila tume ni ukaguzi unaofanyika baada ya mazishi, na kazi iliyowashughulisha ni ile ile ambayo idara ya halmashauri ilipaswa kuifanya kila Jumanne na Alhamisi bila kutangazwa.

Majirani zetu wa Nairobi wanayo ya kutufundisha, mengine kwa uchungu. Katika mtaa wa Huruma, tarehe 29 Aprili 2016, jengo la makazi lilianguka usiku wa mvua na kuua watu wasiopungua 50. Jengo hilo lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa hatari. Wapangaji walibaki kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na hakuna aliyewaonyesha pa kwenda. Sheria yao ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 imeweka mambo wazi zaidi: anayejenga bila ridhaa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 za Kenya au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Anayepewa ilani ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati maalumu ya kaunti, na kamati ina siku 30 za kuamua. Kilichonivutia ni hizo siku. Shauri la jengo linalopanda likiwa na muda maalumu wa kuamuliwa, mjenzi hawezi kutumia ahirisho kama kiunzi cha kupandishia ghorofa nyingine.

Kwa hiyo kazi yenyewe iko wapi? Naamini iko kwenye sakafu. Kila sakafu iwe na kituo: zege la ghorofa inayofuata lisimwagwe kabla mkaguzi hajasaini ile ya chini, na saini hiyo iambatane na majibu ya vipande vya zege vilivyopimwa maabara baada ya siku 7 na siku 28. Hakuna saini, mhandisi aliyesajiliwa hana ruhusa ya kuendelea, na akiendelea suala lake liende kwenye bodi yake wiki hiyo hiyo, kwa sababu mwenye jengo anaogopa faini kidogo lakini mhandisi anaogopa sana kufutwa kwenye daftari. Ghorofa ya ziada nayo isiruhusiwe kufifilishwa kwa faini. Iondolewe, kwa gharama ya aliyeijenga, ikiwa bado mbichi.

Na jambo moja halihitaji sheria mpya wala bajeti. Kwenye kila eneo la ujenzi mjini kuna kibao chenye jina la mkandarasi, mhandisi na mshauri. Halmashauri iamuru kibao hicho kiandikwe, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, namba ya kibali na idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa. Mtendaji wa mtaa ataweza kuhesabu. Muuza matunda, mwanafunzi, mpangaji wa nyumba ya jirani, wote wataweza kuhesabu. Wakurugenzi wa halmashauri za Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Dodoma wanaweza kutoa agizo hilo mwezi huu. Nawaomba walitoe. Na wewe unayekaribia kulipia fremu au chumba kwenye ghorofa jipya, kabla ya kutoa kilemba omba kuona kibali cha ujenzi, kisha toka nje uhesabu ghorofa.