Kigego na Uganga katika Kisa cha Mbega: Uhakiki wa Pingamizi za Kidini
Baadhi ya waumini, Waislamu na Wakristo, hupinga watoto kusimuliwa hadithi zenye uganga kwa hoja kwamba huwafunza ushirikina. Uhakiki huu unaipima hoja hiyo kwa kisa cha Mbega, mwasisi wa utawala wa Wakilindi huko Vuga, wilayani Lushoto. *Habari za Wakilindi* iliandikwa na Mwislamu, Abdallah bin Hemedi, ikachapishwa na wamisionari wa Kikristo wa Magila kuanzia mwaka 1895. Humo, Mbega ananyimwa urithi na nduguze kwa kuwa ni kigego, aliyeota meno ya juu kwanza. Washambaa wanampokea kwa nyama anayowagawia. Uganga wake unasifiwa, na hapo hofu ya waumini ina msingi. Hata hivyo, msimulizi anayefuta kila imani ya kale hufuta pia chanzo cha dhuluma ambayo mtoto anapaswa kuitambua.