Mikono Mikavu

Mtazame mgonjwa wa figo aliyefundwa vizuri anapobadilisha, nyumbani kwake, maji ya tumboni yanayosafisha damu yake. Anafunga dirisha, anazima feni, anafuta meza, anavaa barakoa. Kisha ananawa, na hapo ndipo ninapopenda kumtazama zaidi, kwa kuwa hana pupa ya kujikausha. Taulo safi hupita katikati ya vidole, pembeni mwa kucha, mpaka kwenye viwiko vya mikono. Mkono wenye unyevu huhamisha vijidudu kwa wepesi kuliko mkavu. Kizibo cha mpira unaotoka tumboni kikishaondolewa, ncha yake haigusi chochote ila ncha ya mpira wa mfuko wa maji. Ikigusa nguo, kazi inasimama: anabana klampu na kumpigia simu muuguzi. Haya yote kwa kawaida ni mara nne kwa siku, kila mara lita mbili hivi, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Mpira wenyewe nao una akili ya watu ndani yake. Mwaka 1968 Henry Tenckhoff, huko Seattle, alitangaza katheta ya silikoni yenye pete mbili za kitambaa cha Dakroni. Nyama ya mwili huota ndani ya nyuzi zake na kuziba njia ya vijidudu. Daktari stadi hulielekeza tundu la ngozi, pale mpira unapotokea, chini au pembeni, kamwe si juu, ili jasho na uchafu visituame humo. Baadaye mgonjwa hulipaka krimu ya antibiotiki na kuubana mpira kwa plasta usivutwe.

Ninachokistahi kuliko vyote ni kazi ya Umberto Buoncristiani na wenzake wa Perugia, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabla yao, mfuko mpya ukiunganishwa, maji yaliingia moja kwa moja, na kijidudu kilichokuwa kwenye kiungo kikasukumwa tumboni. Wao walitumia mpira wenye umbo la Y: unganisha kwanza, kisha maji ya zamani yatoke yakikisuuza kiungo, ndipo mapya yaingie. Kwa kubadili utaratibu tu, maambukizi ya utando wa tumbo yalipungua sana.

Muuguzi mzuri anajua kwamba kila kitu kiko kwenye utaratibu wa mikono. Mgonjwa akirudi kutoka kulazwa, hamuulizi kama bado anakumbuka. Humwekea mfuko mezani na kumwambia, “Hebu nioneshe,” kisha hutulia akiangalia vidole.